Video ya Familia Kwenye YouTube: Jinsi ya Kuitoa Ikiwa Safi

Akina mama wenzetu, siku hizi hakuna shughuli ya familia inayopita bila kurekodiwa. Iwe ubatizo, mahafali, harusi au hata maziko, hakosi mtu aliyesimama pembeni na simu yake, au fundi wa video aliyeitwa na kulipwa. Kisha video hupelekwa mtandaoni ili ndugu walio mbali nao waone. Shangazi aliye Ujerumani, aliyekosa nauli ya kuja kumzika mama yake, hana dirisha jingine la kuitazama siku ile.

Mara nyingi dirisha hilo huwa na ukungu. Kwenye simu ya aliyerekodi picha ilikuwa safi, hata maua ya kanga yalihesabika. Kwenye YouTube nyuso zimegeuka vijisanduku, wanaocheza wanaacha mkia nyuma yao, na sauti ya baba mdogo inasikika kabla midomo yake haijafunguka. Wengi hulaumu simu, wengine mtandao, wengine YouTube yenyewe. Lakini aghalabu chanzo ni ile dakika moja ya mwisho, pale aliyehariri alipobonyeza kitufe cha kuitoa video bila kuitazama mipangilio iliyokuwa mbele yake. Mafundi huiita hatua hiyo eksipoti.

Katika makala hii tutaeleza mipangilio hiyo na jinsi ya kuichagua. Si lazima uwe fundi. Hata kama kazi hiyo anaifanya kijana wako wa sekondari, au mtu uliyemlipa, ukiyafahamu mambo haya machache utaweza kuuliza swali linalofaa kabla kazi haijaharibika.

VIDEO HUPIKWA MARA MBILI

Video ambayo haijabanwa ni nzito mno. Hakuna bando la kuipeleka popote. Kwa hiyo kila programu ya kuhariri, wakati wa kuitoa video, huibana. Huacha yale ambayo jicho haliyaoni kwa urahisi na kuhifadhi yaliyo muhimu. Hapo video imepikwa mara ya kwanza.

Ikifika YouTube hupikwa tena. YouTube haionyeshi faili lako kama ulivyolipeleka. Hulitumia kutengeneza nakala za ukubwa mbalimbali, kuanzia ndogo sana kwa mwenye mtandao hafifu hadi ile kubwa kuliko zote ambayo faili lako linaruhusu. Mtazamaji hupewa nakala inayolingana na mtandao wake.

Kule kupika kwa pili hatuwezi kukuzuia. Kilicho mikononi mwetu ni kule kwa kwanza. Tufikirie cheti cha shule kinachotolewa fotokopi. Fotokopi ya cheti chenyewe inasomeka vizuri. Fotokopi ya fotokopi imefifia, na ya nne hata muhuri hauonekani. Video nayo ni hivyo hivyo. Kila inapobanwa hupoteza kitu, na kilichopotea hakirudi. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni kuipa YouTube nakala iliyotolewa mara moja tu, kutoka kwenye picha za asili.

Ni vizuri pia kuelewa kwa nini harusi hufifia kuliko hotuba. Programu inapobana video hulinganisha picha moja na inayofuata, kisha huhifadhi zaidi yale yaliyobadilika. Mzee aliyeketi mbele ya ukuta mweupe habadiliki sana, basi haihitaji nafasi kubwa. Lakini watu hamsini wanaocheza wakiwa wamevaa vitenge, mvua inayonyesha, au majani ya migomba yanayopepea, hubadilika kila mahali kwa wakati mmoja. Nafasi isipotosha, programu huanza kukata palepale penye uhai zaidi.

ANZA NA PICHA ZA ASILI

Fundi akikutumia video kwa njia ya kawaida ya WhatsApp, tayari imekwisha kubanwa kabla hujaigusa. Tangu mwaka 2023 WhatsApp ina chaguo la ubora wa juu zaidi, lakini hilo nalo hubana. Njia iliyo bora ni kuituma kama dokumenti. Ikitumwa hivyo hufika jinsi ilivyo, na tangu mwaka 2022 faili la hadi gigabaiti 2 linaweza kupita. Njia bora kuliko zote ni kumpelekea fundi flashi yako akunakilie. Mweleze mapema, kabla ya siku ya shughuli, kwamba utahitaji picha zenyewe na siyo tu video iliyohaririwa.

MAMBO MATANO YA KUCHAGUA

Programu za kwenye simu kama CapCut, na za kwenye kompyuta kama DaVinci Resolve au HandBrake, hutofautiana kwa sura. Hata hivyo, karibu zote zitakuuliza mambo haya yafuatayo, kwa maneno haya au mengine.

1. Aina ya faili

Chagua MP4, na njia ya kubana iitwayo H.264. Njia hii ilitolewa mwaka 2003 na bado ndiyo ambayo YouTube inaipendekeza kwa anayepakia video. Njia mpya zaidi, H.265, hutoa faili dogo kwa ubora uleule, lakini kompyuta na simu nyingi za zamani huhangaika nayo. Kwa mtu anayeanza, H.264 haina usumbufu.

2. Ukubwa wa picha

Picha ya video imefumwa kwa vitone vidogo vya rangi viitwavyo pikseli. Unapoona 720p au 1080p, namba hiyo ni idadi ya safu za vitone kutoka juu hadi chini. Video ya 720p ina upana wa pikseli 1280 na kimo cha 720. Ya 1080p ina 1920 kwa 1080. Na ile inayoitwa 4K ina 3840 kwa 2160.

Kanuni yake ni nyepesi: toa video kwa ukubwa uleule uliorekodiwa. Simu ikirekodi 1080p, toa 1080p. Programu nyingi za simu huwa zimewekewa ukubwa mdogo tangu mwanzo, basi angalia kabla ya kubonyeza. Kama ulirekodi kwa 4K na una uwezo wa kuipeleka, ipeleke hivyo hivyo, maana YouTube huipa video ya 4K nafasi kubwa zaidi wakati wa kuipika upya, na mwenye televisheni kubwa ataona tofauti.

Usiongeze mistari myeusi pembeni ili kuifanya video ijaze kioo. YouTube yenyewe huipanga video kulingana na umbo lake. Iliyorekodiwa kwa simu iliyosimama wima iache wima, 1080 kwa 1920. Ukiilazimisha kulala, mtazamaji ataona kipande chembamba katikati ya giza.

3. Idadi ya fremu kwa sekunde

Video ni mfululizo wa picha zinazopita haraka. Kila picha huitwa fremu. Simu nyingi hurekodi fremu 30 kwa sekunde, na kamera nyingi za mafundi wa kwetu hurekodi 25 au 50. YouTube inashauri video ipakiwe kwa idadi ileile iliyorekodiwa.

Hapa ndipo wengi huteleza, kwa kudhani kwamba namba kubwa ni bora. Tuseme fundi amerekodi kwa fremu 25, nawe ukatoa kwa 30. Fremu tano za ziada zitatoka wapi kila sekunde? Mara nyingi programu hurudia zilizopo, na ndiyo maana bibi harusi anayetembea taratibu huonekana kama anaruka kidogo kidogo. Ukichanganya picha za simu na za kamera katika video moja, fuata ile yenye sehemu kubwa zaidi.

Kuna jambo jingine. Simu nyingi hupunguza na kuongeza fremu zenyewe wakati wa kurekodi, hasa mwanga unapokuwa mdogo. Programu nyingine za kuhariri hukanganyikiwa, na sauti huanza kuachana na midomo kadiri video inavyoendelea. Dawa yake ni kuzipitisha picha za simu kwenye HandBrake kabla ya kuhariri, ukichagua fremu zisizobadilika. HandBrake hutolewa bure. Kwa kuwa huko ni kubana mara moja zaidi, lifanye tu kama kasoro hiyo imejitokeza, na kwa ubora wa juu. HandBrake hupima ubora kwa namba, nayo inaposhuka ubora hupanda. Kwa video ya 1080p, namba 18 hadi 20 inatosha.

4. Kiwango cha biti

Hiki ndicho kiini cha makala yetu. Kiwango cha biti, ambacho mafundi hukiita bitireti, ni kiasi cha taarifa kinachoruhusiwa kutumika kwa kila sekunde ya video. Kikiwa kidogo mno, vijisanduku hutokea. Kikiwa kikubwa kupita kiasi, unachoma bando bila faida.

YouTube imetoa viwango inavyovipendekeza. Kwa video ya kawaida ya fremu 24 hadi 30:

720p: megabiti 5 kwa sekunde
1080p: megabiti 8 kwa sekunde
4K: megabiti 35 hadi 45 kwa sekunde

Kwa video ya fremu 48 hadi 60:

720p: megabiti 7.5 kwa sekunde
1080p: megabiti 12 kwa sekunde
4K: megabiti 53 hadi 68 kwa sekunde

Kama video yako ina ngoma, watu wengi na vitenge vya kila rangi, unaweza kupandisha kidogo, mathalani megabiti 12 badala ya 8 kwa 1080p. Lakini kupandisha hadi 50 ni kujichosha. Kumwaga mafuta chupa nzima kwenye sufuria hakuufanyi mchicha uwe nyama. Taarifa ambayo kamera haikuinasa haiwezi kuzaliwa wakati wa kutoa video.

5. Sauti

Chagua AAC, stirio, kilohezi 48. Kiwango cha biti ambacho YouTube inapendekeza kwa sauti ya stirio ni kilobiti 384 kwa sekunde. Sauti hula kidogo sana, chini ya megabaiti 3 kwa dakika, basi hakuna sababu ya kuibania. Mtazamaji anaweza kuvumilia picha hafifu, lakini asipousikia wosia wa bibi, amekosa lile alilolifuata.

HESABU YA BANDO

Akina mama ndio tunaojua thamani ya shilingi nyumbani, basi tufanye hesabu kabla ya kupakia. Biti nane hufanya baiti moja. Video ya 1080p yenye megabiti 8 kwa sekunde inakula megabaiti 1 kila sekunde, yaani megabaiti 60 kwa dakika. Dakika kumi ni megabaiti 600. Saa tatu za harusi nzima ni karibu gigabaiti 11!

Video ya 720p kwa megabiti 5 inakula megabaiti 37.5 kwa dakika, au 375 kwa dakika kumi. Ya 4K kwa megabiti 40 inakula megabaiti 300 kwa dakika, na dakika kumi ni gigabaiti 3.

Basi bando likiwa dogo tupunguze nini? Wengi hupunguza kiwango cha biti hadi megabiti 2 huku wakiacha 1080p. Wanapata picha kubwa yenye njaa. Sisi tungeshauri utaratibu huu.

Kwanza, punguza dakika. Ndugu aliye mbali hahitaji kuona wageni wakipanga foleni ya chakula. Dakika kumi na tano zilizochaguliwa vizuri hutazamwa hadi mwisho. Saa tatu hutazamwa na wachache. Tena, akaunti ya YouTube ambayo haijathibitishwa kwa namba ya simu hairuhusiwi kupakia video inayozidi dakika 15.

Pili, kama bado ni nzito, shuka hadi 720p lakini uipe megabiti zake 5 kamili. Picha ndogo iliyoshiba ni nzuri kuliko kubwa inayodhoofika. Kwenye kioo cha simu, ambako ndiko wengi watakakoitazama, tofauti ni ndogo.

Kama mtandao wako unauza bando la usiku, pakia usiku. Acha simu ikichaji na usiifunge programu kabla kazi haijaisha.

KANDA ZA ZAMANI

Familia nyingi bado zina kanda za VHS kabatini: harusi za miaka ya themanini na tisini, na sauti za wazee ambao sasa ni marehemu. Kanda hizo huharibika kwa unyevu na ukungu, na mashine za kuzichezea zinakwisha. Kampuni ya Funai ya Japani, iliyokuwa ya mwisho kujulikana kuwa bado inazitengeneza, iliacha mwaka 2016. Ukimpata fundi wa kuzihamishia kwenye kompyuta, usingoje.

Lakini kanda zina tabia zake. Zile zilizorekodiwa Tanzania na Kenya zilifuata mfumo wa PAL, wenye fremu 25 kwa sekunde, na kila fremu imegawanywa nusu mbili zilizopishana kama meno ya vitana viwili. Kwenye televisheni za zamani hakuna aliyeona kasoro. Kwenye kompyuta, mkono unapopungwa unaonekana umechanika mistari mistari. Mwombe fundi aiunganishe mistari hiyo kabla ya kutoa video. HandBrake na programu nyingine nyingi zina chujio la kazi hiyo. Toa kwa fremu 25, au 50 kama programu inaruhusu, wala usitoe kwa 30.

Jambo la pili ni umbo. Picha ya kanda ina uwiano wa 4 kwa 3, siyo 16 kwa 9 kama televisheni za leo. Ukiivuta ijaze kioo, bibi harusi aliyekuwa mwembamba atatoka mnene, na bwana harusi atakuwa mfupi ghafla. Iache na umbo lake. Watengenezaji wengi wa video huikuza picha ya kanda hadi 1440 kwa 1080 wakati wa kuitoa. Huko kukuza hakuongezi undani wowote mpya, ila YouTube huipa video ya kimo hicho nafasi zaidi, na kile kidogo kilichopo kinahifadhika vizuri.

JARIBU KWANZA

Mpishi huonja mchuzi kabla ya kuwapakulia wageni. Chagua sekunde 30 zenye vurugu kuliko zote, labda bwana na bibi harusi wanapoingia ukumbini kwa shangwe. Toa kipande hicho peke yake kwa mipangilio uliyochagua. Kwa megabiti 8 kitakuwa karibu megabaiti 30 tu. Kipakie kwa njia ya faragha, ukitazame kwenye simu, na kwenye televisheni kama ipo.

Usikate tamaa ukiona ukungu mara tu baada ya kupakia. YouTube hutayarisha nakala ndogo kwanza. Zile kubwa hufuata baadaye, na za 4K zaweza kuchukua saa kadhaa. Ngoja, kisha bonyeza alama ya gurudumu kwenye video, uchague ubora mkubwa uliopo, ndipo utoe hukumu. Usisambaze anwani ya video kwa ndugu kabla hujahakikisha hivyo, kwa sababu YouTube hairuhusu kubadilisha faili chini ya anwani ileile. Ukipakia upya utapata anwani mpya, na ile mbovu ndiyo itakayobaki imezagaa kwenye makundi yote ya familia.

Papo hapo, amua nani ataiona. Ikiwa kuna watoto, au mambo ya ndani ya familia, chagua ionekane kwa wale tu mliowapa anwani yake, ingawa nao wanaweza kuipeleka kwa wengine.

KATA UBANDIKE

Haya ndiyo kwa kifupi, kwa anayependa kuyaandika kwenye karatasi na kuyaweka karibu na kompyuta:

Faili: MP4, H.264.
Ukubwa: uleule uliorekodiwa.
Fremu: zilezile zilizorekodiwa, zisizobadilika.
Biti: megabiti 8 kwa 1080p, megabiti 5 kwa 720p, zaidi kidogo kukiwa na ngoma.
Sauti: AAC, stirio, kilohezi 48, kilobiti 384.
Toa mara moja tu, kutoka kwenye picha za asili.

Na neno la mwisho. YouTube ni mahali pa kuonyesha; si kabati la kutunzia. Ukija kuipakua video yako kutoka huko kwa kitufe cha kawaida, utapata nakala iliyokwisha kubanwa, na akaunti nayo inaweza kufungwa au nywila kusahaulika. Kwa hiyo, ukishamaliza kupakia, usifute picha za asili ili kupata nafasi kwenye simu. Zinakili mahali pawili, mathalani kwenye diski ya nje iliyo nyumbani na kwenye nyingine iliyo kwa ndugu anayeaminika. Andika juu yake tarehe, mahali na majina ya waliomo, maana wajukuu watawaona wazee hao wakicheka na kutaka kujua ni akina nani. Miaka ishirini ijayo vioo vitakuwa vikubwa zaidi na njia za kubana zitakuwa nyingine. Mwenye picha za asili ataweza kuzitoa upya, safi kuliko leo.